Mlio Kwenye Mteremko wa Mbamba Bay

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilometa 66 za kona na miteremko. Gari huacha milima ya Umatengo, yenye vilele vinavyopita mita 1,500, na kushuka hadi Ziwa Nyasa, mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Enzi za vumbi, tahadhari ilitoka kwa watu: honi kabla ya kona, utingo akichungulia nje na kumpigia dereva kelele. Matope na makorongo yalimaliza kazi iliyobaki ya kupunguza mwendo.

Kisha lami ikaja, kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na makorongo yakaondoka pamoja na breki yake.

Miaka hiyohiyo mamlaka ya usafiri ya Tanzania, SUMATRA, na baada yake LATRA iliyoirithi mwaka 2019, ilisimamia ufungaji wa VTS, kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari na mahali lilipo, kwenye mabasi ya mikoani. Dereva akivuka kilometa 80 kwa saa, kifaa humlilia papo hapo, na taarifa hufika kituo cha ufuatiliaji. Ni hatua kubwa kuliko vile vidhibiti mwendo vya zamani. Hata hivyo, LATRA imewahi kubaini watu wakiichezea VTS yenyewe.

Kwa nini mtu anyamazishe kitu kinacholinda uhai wake? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, uliokamilika 2011, unatoa sehemu ya jibu. Malori yaliyofungwa rada ya kuonya dhidi ya ajali yalilia hata kwa madaraja ya juu na vitu vilivyosimama kando ya njia. Mlio usio na sababu humchosha dereva, naye huacha kuuamini.

Kenya ilijaribiwa njia nyingine: onyo kutoka kwa abiria. Watafiti James Habyarimana na William Jack walibandika kwenye matatu vibandiko vya kuwahimiza abiria wamkemee dereva mzembe. Madai ya bima yakapungua kwa nusu hivi. Sauti ya mama aliyepakata mtoto kiti cha nyuma haizimwi kwa kukata waya.

Kwenye mteremko wa Nyasa, tatizo ni kinyume cha lile la Michigan. Basi likiingia kona kali kwa kilometa 65 kwa saa, limeshapitiliza mwendo salama, lakini kikomo cha 80 hakijaguswa na kifaa kimekaa kimya. VTS tayari inajua basi liko wapi. Kikomo chake kingeweza kushuka pamoja na barabara, kona kwa kona, hadi ziwani.