Kibra au Kibera? Jina lina kwao

Juma lililopita mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: "Prof, Kibera iko katika ngeli ya KI-VI? Wingi wake ni Vibera?" Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana swali lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Ki- hiyo si kiambishi hata kidogo. Jina asilia ni Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mababu wa Wanubi walikuwa askari waliotoka Sudan. Mnamo 1891, Lugard aliwachukua masalio wa jeshi la Emin Pasha karibu na Ziwa Albert, wakawatumikia Waingereza nchini Uganda na baadaye katika jeshi la KAR. Kuanzia 1904 wakapewa makao katika msitu kando ya Nairobi. Mwaka wa 1918 eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, likatangazwa kuwa hifadhi ya kijeshi. Hatimiliki je? Hawakupewa.

Lugha yao nayo ilizaliwa kambini. Msamiati wake mwingi ni wa Kiarabu cha Sudan, ila waliousema walikuwa watu wa makabila mbalimbali wasiokuwa Waarabu. Walipofika huku, wakaongeza maneno ya Kiswahili.

Sasa, hiyo "e" ilitoka wapi? Lugha zetu za Kibantu hazipendi konsonanti kama b na r zifuatane, hivyo hupachika irabu katikati. Ndivyo tulivyopata burashi na gilasi kutokana na Kiingereza. Kibra ikawa Kibera.

Mabadiliko hayo ni ya kawaida na hayana mwenye kosa. Tatizo ni kwamba jina lilipovaa sauti zetu, tulisahau waliolileta. Mnubi aliyezaliwa hapo akawa anaulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?" Vijana wao wakawa wanapigwa msasa wakitafuta kitambulisho, ilhali jina la mtaa ni ushahidi tosha.

Mwaka wa 2013 eneobunge likaitwa Kibra. Mnamo 2017 Wanubi wakapata hatimiliki ya jamii. Ya ekari ngapi? 288.

Nilimwambia mwanafunzi wangu aende Makina akawasikilize wazee wakizungumza Kinubi. Akirudi, tutaendelea na habari ya ngeli.