Daka la Stonehenge

Mwaka 1966, uwanja wa kuegesha magari karibu na mawe ya Stonehenge, kusini mwa Uingereza, ulipokuwa ukipanuliwa, yalionekana ardhini mashimo yaliyochimbwa kwa mikono ya watu wa kale. Ndani yake paliwahi kusimamishwa magogo ya msonobari, zaidi ya miaka 9000 iliyopita. Yaani maelfu ya miaka kabla ya jiwe la kwanza kufika mahali hapo. Uvumbuzi wa namna hiyo ungetosha kuusimamisha ujenzi wowote. Haukuusimamisha. Lami ilimwagwa, na juu ya lami pakachorwa miduara mitatu myeupe kuonesha yalipokuwa magogo. Kwa karibu nusu karne wageni walishuka katika magari yao, wakaikanyaga miduara ile, wakaenda kutazama kitu kilicho kichanga kuliko kile walichokuwa wakikikanyaga.

Uwanja huo ulikuwa ng'ambo tu ya barabara ya A344, hatua chache kutoka kwenye mawe. Mwaka 1968 pakajengwa njia ya chini kwa chini ya kuivuka barabara, pamoja na duka, vyoo na mahali pa kukatia tiketi. Kwa upande wa kusini ilipita barabara nyingine iliyo kubwa zaidi, A303, inayokwenda magharibi ya nchi. Mawe yakabaki katikati, kama mzee aliyeketishwa njia panda. Mwaka 1993 kamati ya bunge inayokagua matumizi ya fedha za umma ilitamka kwamba namna taifa linavyowapokea wageni mahali hapo ni aibu ya taifa. Maneno mazito, lakini hapakuwa na aliyesimama kuyapinga.

La kushangaza ni kwamba Waingereza walikwisha kulionya tatizo hili mapema. Mwaka 1927 ulianza mchango wa umma wa kuyanunua mashamba yanayoyazunguka mawe ili yasije yakajengwa. Uwanja wa ndege wa kijeshi uliojengwa jirani mwaka 1917 ulikuja kubomolewa, na mkahawa uliokuwa karibu nao ukaondolewa. Macho yakasafishwa. Kisha serikali yenyewe, kwa nia njema ya kumrahisishia mgeni, ikarudisha kwa mlango wa nyuma yale yaliyofukuzwa kwa mlango wa mbele.

Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu walikuwa na jawabu lao kwa swali la mgeni. Mgeni hakuingizwa moja kwa moja ndani. Alikaa kwanza katika daka, kwenye viti vya mawe vilivyo pande mbili za mlango; akiruhusiwa kuendelea alipita katika tekani, na njia ikapinda ili jicho lake lisitangulie mbele ya mguu wake. Daka halikuwa dharau. Lilikuwa heshima ya pande mbili: mgeni amepata pa kukaa, na nyumba haijavuliwa nguo. Kilwa Kisiwani jambo hilo limetendwa na bahari yenyewe. Mgeni huchukua kibali chake Kilwa Masoko, kisha huingia chomboni na kuvuka. Na katika kuvuka huko mji wa kale humjia polepole, gereza kwanza, kisha kuta za Makutani na Msikiti Mkuu. Uwanda wa Salisbury, yalipo mawe ya Stonehenge, hauna bahari. Ni nchi ya nyasi juu ya mwamba wa chaki, yenye migongo mipana na mabonde yasiyo na kina. Masafa ambayo Kilwa imepewa bure, huko ilibidi yatafutwe.

Kutafutwa kwake kulichukua muda mrefu kuliko umri wa wanafunzi wengi walioletwa kuyatazama mawe. Pahala pa Larkhill, upande wa kaskazini penye kambi ya jeshi, palipendekezwa na kuachwa. Baadaye ikaja zamu ya Countess East, mashariki, nje kabisa ya eneo la Urithi wa Dunia. Mgeni angepanda gari la kuvutwa mfano wa treni, akavushwa mashambani hadi karibu na mawe. Mpango huu haukuwa mbaya. Kasoro yake ilikuwa kufungamanishwa na mpango mwingine, wa kuipitisha A303 katika handaki chini ya ardhi. Gharama ya handaki ilipopanda hata ikapita pauni milioni 500, serikali ililiacha mwezi Desemba mwaka 2007, na kituo kikaanguka pamoja nalo. Miaka ya michoro, vikao na mabishano ikaishia makabatini.

Hata hivyo kitu kimoja hakikupotea, nacho ndicho kilicholeta jawabu. Stonehenge ilipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986, haikuingizwa duara la mawe peke yake. Liliingizwa eneo la kilomita za mraba 26 hivi, lenye mamia ya makaburi ya vilima, lenye handaki refu la kale liitwalo Cursus linalokaribia kilomita 3, na lenye njia pana ya kale, Avenue, inayoshuka kutoka kwenye mawe hadi mto Avon. Mpango wa usimamizi uliotolewa mwaka 2000 uliyachukua mandhari haya yote kuwa ndiyo urithi wenyewe. Swali likageuka. Halikuwa tena kituo kikae umbali gani kutoka kwenye mawe, bali kikae wapi katika nchi nzima bila ya kukata lolote lililokusudiwa kuonana na jingine.

Kulijibu swali hilo si kazi ya kukisia. Huchukuliwa ramani ya miinuko ya ardhi, na kutoka juu ya kila kaburi, kila mgongo na kila mlango wa boma la kale hupimwa ni kipande gani cha nchi kinachofikiwa na jicho. Vipande vinavyoonekana kutoka pengi huachwa. Juu ya ramani hiyo huwekwa nyingine: ya yaliyozikwa ardhini, ya maji, ya miti, ya barabara zilizopo, ya watu wanaoishi hapo na wasiotaka magari kupita vijijini mwao. Linalobaki baada ya kuondoa yote huwa dogo sana, na pengine halina uzuri wowote. Makaburi ya kale katika nchi hiyo yamewekwa kwenye migongo makusudi, ili yaonekane. Kwa hiyo anayetafuta pa kujificha lazima kwanza ajifunze walikotazama wafu. Haya ni maarifa ya mshairi kama yalivyo ya mpimaji.

Kilichobaki mwaka 2009 kilikuwa Airman's Corner, njia panda iliyo kilomita 2.4 magharibi ya mawe, ukingoni mwa eneo la urithi. Imepata jina kutokana na msalaba wa ukumbusho wa wanajeshi wawili wa anga walioanguka na ndege yao mwaka 1912. Ardhi hapo inabonyea kidogo, kiasi cha kulimeza jengo lisionekane kutoka kwenye mawe. Mwaka uliofuata serikali iliondoa pauni milioni 10 ilizokuwa imeahidi, ikabidi fedha zitafutwe kwingine, zikiwamo za bahati nasibu ya taifa. Kituo kilifunguliwa tarehe 18 Desemba 2013, kwa gharama ya pauni milioni 27.

Wasanifu, Denton Corker Marshall wa Australia, walijenga vyumba viwili, kimoja cha kioo na kimoja cha mbao, chini ya paa jembamba linalopinda kama migongo ya nchi ile. Paa limebebwa na nguzo nyembamba 211, zilizoinama huku na huku kama miti michanga. Msingi wake ni wa juujuu, ili ardhi isichimbwe sana na ili jengo liweze kuondolewa siku likitakiwa kuondoka. Ni unyenyekevu wa nadra, kujenga kwa mamilioni huku ukiiacha njia ya kubomoa wazi.

Wapinzani hawakukosekana. Kuifunga A344 kulipingwa hata na baadhi ya wanaoyashika mawe kuwa mahali pa ibada. Ilipofungwa katikati ya mwaka 2013 na lami ikang'olewa, chini yake ilionekana mitaro miwili ya Avenue, ile njia ya kale iliyokatwa na barabara kwa muda mrefu. Panda nyasi zikaota, na mawe yakaungana tena na njia yao. Siku za mwanzo gari la kuvuta wageni lilishindwa na wingi wao, kwani kwa mwaka wanapita milioni moja, foleni zikawa ndefu na malalamiko mengi, hata yakaletwa mabasi. Wenye miguu na subira hutembea, na mawe huwatokea kwa mbali nyuma ya mgongo wa ardhi, madogo mwanzoni kuliko walivyotazamia.

Barabara ya A303 ingali pale. Handaki jipya liliidhinishwa mwaka 2020, idhini ikabatilishwa mahakamani mwaka 2021, ikatolewa tena mwaka 2023, na mwezi Julai mwaka 2024 serikali ikaufuta mpango wenyewe. Waliokuwa wakililia kimya walisikitika. Lakini wapo madereva wa malori na familia zinazokwenda pwani ya magharibi ambao hawajapata kukata tiketi maishani mwao, na kila wapitapo hupunguza mwendo upande wa kusini wa mawe, wakageuza shingo, wakayatazama.