Sera ya Simu Iliyosafiri na Dagaa

Kila tunapokusanyika ukumbini kwa ajili ya Desemba 9, watoto hutuuliza zamani tuliongeaje na nyumbani. Huwa tunawasimulia foleni za vibanda vya simu, na yule jirani mmoja mwenye simu ambaye mtaa mzima ulikuwa ukimgongea usiku. Mwaka huu tuwasimulie jinsi serikali ilivyozipanga simu hizo, na jinsi ilivyokuwa kazi kuupata mpango wenyewe mkononi.

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, posta na simu zetu ziliendeshwa pamoja na za Kenya na Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, tukaunda Shirika letu la Posta na Simu. Sheria ya mwaka 1993 ikaligawa: posta mbali, simu mbali chini ya TTCL, na Tume ya Mawasiliano kuwa msimamizi. Ndipo mwaka 1997 ikatoka Sera ya Taifa ya Mawasiliano ya Simu.

Sera hiyo ndiyo tuliyoitafuta tulipokuwa tunasomea shahada ya uuguzi hapa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tuliandika tasnifu kuhusu zahanati za vijijini: mama mjamzito akizidiwa usiku, mganga anamwitaje dereva wa gari la wagonjwa? Mwalimu wetu akauliza, serikali yenu inasemaje kuhusu simu vijijini? Hatukuwa na jibu. Tuliandika barua ofisi moja Dar es Salaam, kimya. Kaka yetu akaenda mwenyewe mara tatu. Mara mhusika yuko safarini, mara stoo imefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Kijitabu cha serikali, kilichochapishwa kwa kodi za wananchi, kikawa adimu kama dawa ya magendo!

Aliyetuokoa ni mzee mmoja mstaafu wa Posta na Simu aliyekuwa nacho kabatini. Kikatolewa fotokopi, shangazi akaja nacho sandukuni kati ya dagaa wa Kigoma na unga wa muhogo. Harufu ile ilikaa kwenye karatasi mwaka mzima.

Mle ndani tulikuta lengo la kufikisha laini 6 za simu kwa kila watu 100 ifikapo mwaka 2020. Watoto mtacheka. Lakini wakati huo hatukuwa hata na laini moja kwa watu 100, na sisi tuliosoma tuliguna, tukaona hiyo ni ndoto. Ulipofika mwaka 2020, laini zilizokuwa zikitumika zilipita milioni 50, karibu zote za mkononi. Waliopanga hawakuwa wajinga. Sera hiyohiyo ilitaka sekta binafsi ikaribishwe. Ila bila kijitabu kile tusingejua nchi ilianza na matumaini madogo kiasi gani, wala tusingeweza kuuliza zahanati ziliahidiwa nini.

Siku hizi sera za TEHAMA, ile ya 2003 na ya 2016, zinapatikana kwenye intaneti, na Hansadi za Bunge pia. Ipo na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016: ukiomba, ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. Lakini haki hiyo ni ya raia. Baadhi yetu tulichukua pasipoti ya hapa, na kwa kuwa mtu mzima haruhusiwi uraia wa nchi mbili, tuliiacha pamoja na ile ya kijani. Hilo hatukulifikiria siku ya kiapo. Sisi sasa tutamtuma tena kaka.

Mkienda likizo, pitieni Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 9, 1967. Ombeni machapisho ya serikali, msione haya.

Fotokopi yetu itakuwa mezani siku ya sherehe, karibu na chai. Kurasa za mwisho zimefifia; mwenye nakala nzuri zaidi aje nayo.