Foraminifera za Lindi na Kilwa katika Historia ya Kukadiria Umri wa Miamba, 1962–2008

Mnamo mwaka 1962, Eames, Banner, Blow na Clarke walichapisha kitabu kilichoifanya Lindi kuwa mojawapo ya vipimo vya miamba ya dunia. Ushahidi wao mkuu ulikuwa foraminifera, yaani viumbe wa baharini wenye seli moja, ambao magamba yao ya chokaa aghalabu hayafikii milimita moja. Spishi inayoelea baharini huenea mbali kwa muda mfupi, kisha hutoweka isirudi. Kwa hiyo, matabaka mawili yenye mkusanyiko uleule wa spishi huhesabiwa kuwa ya umri mmoja, hata yakitenganishwa na bahari.

Wakitumia mantiki hiyo, waandishi hao waliyahamishia katika Miosini matabaka mengi ya Karibi yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa ya Oligosini, na wakahitimisha kwamba sehemu kubwa ya Oligosini haikuwapo Amerika. Hitimisho hilo lilipingwa vikali na halikudumu. Udhaifu wake haukuwa katika macho ya waliotazama hadubini; Blow na Banner walikuwa mabingwa wa kuainisha spishi. Udhaifu ulikuwa katika kuupa ukosefu wa visukuku uzito uleule unaopewa kuwapo kwake. Gamba laweza kukosekana kwa sababu limeyeyuka, limemomonyoka, au halikuchukuliwa katika sampuli. Aidha, gamba la kale laweza kung'olewa na maji na kuzikwa upya katika tope changa, likamdanganya mtafiti kwamba spishi yake iliishi muda mrefu zaidi.

Pwani yenyewe iliongeza ugumu. Miamba ya Kilwa na Lindi imefunikwa na uoto, na sehemu zilizo wazi zimelika kwa mvua na joto. Mfuatano kamili hauonekani kwa kutembea tu. Kuanzia mwaka 2002, Paul Pearson na wenzake, wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walichoronga visima vifupi vya utafiti na kutoa miamba ikiwa katika mpangilio wake wa asili. Udongo mzito wa mfinyanzi ulikuwa umeyakinga magamba dhidi ya maji yapitayo ardhini, hata mengi yakabaki maangavu kama kioo. Ni hifadhi adimu, na ndiyo iliyoipa Kilwa sifa mpya.

Matokeo ya visima namba 12 na 17, vilivyochorongwa karibu na Stakishari, yalichapishwa mwaka 2008. Jamii ya Hantkenina, yenye miiba mirefu isiyosahaulika, ilionekana kutoweka ghafla, spishi zake zote tano kwa pamoja. Tukio hilo ndilo lililochaguliwa huko Massignano, Italia, kuwa alama ya mpaka wa Eosini na Oligosini.

Hata hivyo, gamba halibebi tarakimu. Linasema lipi lilitangulia lipi. Idadi ya miaka huazimwa kutoka kwingine, hasa majivu ya volkano yenye madini yanayopimika na kumbukumbu ya usumaku wa dunia. Katika kipimo cha mwaka 1995 mpaka huo ulipewa miaka milioni 33.7, katika kile cha 2004, milioni 33.9. Tabaka la Stakishari halikusogea hata sentimita moja.