Mwenzi Aliyebaki: Afya ya Wanawake wa Makamo katika Nyumba za Wasaka Kazi Tanzania Bara

Historia ya ajira Tanzania Bara kwa sehemu kubwa imeandikwa kwa kufuata nyayo za aliyeondoka. Mpagazi amefuatwa hadi Bagamoyo, mkata mkonge hadi Tanga, kibarua hadi lango la bandari ya Dar es Salaam, na kumbukumbu za kodi, mishahara na migomo zimehifadhi habari zake kwa kiasi cha kutosha. Ilhali mwenzi wake aliyebaki nyumbani, hasa mwanamke aliyekwisha kulea na kuanza kuhesabiwa miongoni mwa wazee wa ukoo, anatajwa kwa kupita tu, kana kwamba muda wote kazi ilipokuwa ikitafutwa yeye alikuwa amekaa akingoja. Insha hii inafuatilia kipindi hicho cha kungoja, tangu enzi za misafara hadi mwanzoni mwa karne ya 21, na hoja yake ni kwamba afya ya mwanamke wa makamo katika nyumba ya msaka kazi haikutokana na mapumziko, wala na mazoezi yaliyotengwa na shughuli nyingine, bali ilitokana na mpangilio wa kilimo, biashara ndogo na vyama vya kina mama, uliompa sababu ya kutembea, saa ya kufika mahali na watu ambao wangemuulizia asipoonekana. Mpangilio huohuo, pale ulipomnyima mamlaka juu ya nguvu zake mwenyewe, ulimzeesha kabla ya wakati.

Katika karne ya 19, Unyamwezi ndiyo iliyokuwa chimbuko kubwa la wapagazi, yaani watu waliobeba mizigo kwa ujira kati ya bara na pwani, kila mmoja akitwikwa takriban frasila mbili, ambazo ni kama kilo 32. Misafara mingi iliondoka baada ya mavuno, kiangazi kinapoanza, na wanaume walijitahidi kurejea kabla ya mvua za kupandia, kwa hiyo safari ya kutafuta ujira ilifungamanishwa na kalenda ya shamba. Wapo wanawake walioandamana na misafara, lakini wengi walibaki, na katika miezi hiyo uhifadhi wa nafaka ghalani, ukarabati wa nyumba na usimamizi wa chakula cha watoto na wagonjwa viliangukia mikononi mwao, ingawa katika nyumba zenye uwezo sehemu ya kazi nzito ya shamba ilifanywa na watumwa. Mke mkubwa alikuwa na faida moja ambayo mke kijana hakuwa nayo: aliweza kugawa kazi. Kutwanga na kuchota maji viliwaangukia mabinti na wakaza wana, naye akabaki na kazi zilizohitaji ujuzi na mwendo zaidi kuliko misuli, kama kuchagua mbegu, kuchuma dawa porini, kuzalisha na kuwafunda wasichana.

Mfumo huo ulianza kuvunjika Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, kodi ambayo kila mwenye nyumba alitakiwa kuilipa kila mwaka na ambayo, kadiri ilivyodaiwa kwa fedha taslimu, iliwalazimisha wanaume kuutafuta ujira wakati wowote uliopatikana badala ya kungoja kiangazi. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa masafa marefu ulikosa soko, na msaka kazi akageukia mashamba makubwa. Zao lililowameza wengi zaidi lilikuwa mkonge, ulioingizwa nchini mwaka 1893 na Richard Hindorf, ambaye kati ya miche aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na mwanzo huo mdogo, Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani wa singa za mkonge.

Wafanyakazi wa mkataba waliopelekwa katika mashamba hayo waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alitambuliwa kwa namba yake. Kazi yao ilihesabiwa kwa kipande, kadi yenye nafasi 30 za kuwekwa alama, nafasi moja kwa kila siku ambayo mtu alitimiza kiwango alichopangiwa, na ujira ulilipwa kadi inapojaa. Mwaka 1944 wakulima wa mkonge waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuajiri, iliyojulikana kwa jina la SILABU, ambayo mawakala wake walichukua wanaume kutoka Kigoma, Njombe, Songea na hata nje ya mipaka ya nchi. Tofauti kati ya manamba na mpagazi, kwa mtazamo wa mke aliyebaki, haikuwa umbali, bali majira: manamba aliweza kuwa Tanga msimu wa kulima, msimu wa kupalilia na msimu wa kuvuna, na mara nyingine hakurudi kabisa.

Hapo ndipo kazi ilipogeuka kutoka kuwa kinga ya mwili na kuwa mzigo wake. Mwanamke mwenye umri wa miaka 50 aliyekuwa ameanza kuzikabidhi kazi nzito kwa wadogo alijikuta akizirudia, kwa sababu mwanawe wa kiume naye alikuwa ameandikishwa na mkaza mwana alikuwa na watoto wachanga. Debe la maji, ambalo likijaa lina uzito wa takriban kilo 18, lilirudi kichwani. Jembe la mkono likarudi mkononi kwa ekari ambazo zamani zililimwa na watu wawili au watatu. Moshi wa jiko la mafiga ndani ya nyumba isiyo na dirisha uliathiri macho na mapafu, na kuinama kwa saa nyingi wakati wa palizi kulikaza mgongo. Kwa hiyo si sahihi kuichukua picha ya bibi wa kijijini mkakamavu kama ushahidi kwamba kazi ngumu huleta afya; waliofika uzeeni wakiwa na nguvu mara nyingi walikuwa wale waliobaki na uwezo wa kuamua lini wafanye kazi, kwa kasi gani na pamoja na nani.

Mjini hali ilikuwa tofauti. Dar es Salaam ilikuwa na kundi kubwa la vibarua wa bandari, yaani watu walioajiriwa kwa siku moja moja kulingana na meli zilizotia nanga, na uhakika mdogo wa kazi hiyo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea migomo yao, ukiwemo ule wa mwaka 1947 uliosambaa kutoka bandarini hadi katika miji iliyofuata njia ya reli. Mume aliyetoka alfajiri kwenda kusimama langoni hakujua kama angerudi na ujira au mikono mitupu, na kutojua huko ndiko kulikompa mkewe nafasi ya pekee katika uchumi wa nyumba, kwa kuwa pato lake, hata likiwa dogo, lilikuwa la kila siku.

Biashara ya vitumbua inaonyesha jambo hili kwa karibu. Mchele huloweshwa jioni, hutwangwa au kusagwa ukiwa bado na maji, huchanganywa na tui zito la nazi, sukari, iliki na hamira, kisha huachwa uumuke usiku. Kabla ya adhana ya alfajiri mpishi huwasha makaa, hupasha chuma chenye vishimo, hutia mafuta kidogo katika kila kishimo, na hugeuza kitumbua kimoja kimoja kwa kijiti chembamba upande wa chini unapokuwa wa kahawia. Kazi hii inahitaji mkono mwepesi na jicho la kupima moto kuliko nguvu za kifua, ndiyo sababu ilimfaa mwanamke mtu mzima kuliko mbeba mizigo kijana. Lakini ilimlazimisha pia kulala mapema, kuamka kwa saa ileile kila siku, kwenda sokoni kwa miguu kutafuta nazi na mchele, na kuzungumza kila asubuhi na wateja wanaopita kwenda kazini au kuisaka. Mapato yake yalipotosha kununua samaki na mboga, chakula cha nyumba hakikutegemea tena kama meli imeingia.

Juu ya biashara hizo vilijengwa vyama. Upatu, mpango ambao watu kadhaa huchanga kiasi sawa kwa vipindi vilivyokubaliwa na kila mmoja kupokea mchango wote kwa zamu, ulihitaji kijumbe wa kuzunguka nyumba kwa nyumba kukusanya fedha, na kazi hiyo aghalabu ilipewa mwanamke mtu mzima mwenye kuaminika. Vikundi vya ngoma navyo, kama vile vya lelemama katika miji ya pwani, vilikuwa na viongozi wenye vyeo, sare, michango ya misiba na harusi, na mashindano yaliyohitaji mazoezi ya mara kwa mara. Uimara wa mitandao hiyo ulidhihirika mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, alipowaendea viongozi wa vikundi vya kina mama vya Dar es Salaam na kuwaingiza wanawake kwa maelfu katika TANU, chama kilichopigania uhuru, ndani ya miezi michache. Mwanachama wa kikundi kama hicho aliyekosa kufika ngomani au kutoa mchango wake aliendewa nyumbani, na aliyekuwa mgonjwa alipikiwa uji. Huduma hiyo haikuandikwa popote kama huduma ya afya, ingawa ndiyo iliyokuwa karibu zaidi.

Baada ya uhuru dola ilianza kuutazama mwili wa mwananchi mtu mzima moja kwa moja. Kampeni ya mwaka 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kisha kutekeleza walichojifunza, hasa kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kusafisha visima. Mwaka uliofuata, chakula kilipopungua, kaulimbiu ya Kilimo cha Kufa na Kupona iliwahimiza hata wakazi wa mijini kulima kila mahali palipolimika. Kampeni zote mbili zilitegemea jambo ambalo wanawake wa makamo walikuwa wamelijua zamani, kwamba mtu hudumu katika zoezi linalomfaa iwapo lina siku yake na wenzake. Tofauti ni kwamba sasa ratiba ilitoka juu, na kampeni ilipokwisha vikundi vingi navyo vikaisha.

Kipimo kikubwa kilikuja mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika muongo uliofuata. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 kuliwaacha maelfu ya watumishi wake wakidai mafao, yaani haki za fedha za mtu anayeacha kazi. Vita dhidi ya Idi Amin na kupanda kwa bei vikaudhoofisha mshahara hata wa aliyekuwa bado kazini. Mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Dar es Salaam mwaka 1987 na 1988, alieleza jinsi sehemu kubwa ya pato la nyumba ilivyokuwa ikitoka katika miradi, kama zilivyoitwa shughuli ndogo za kujiajiri: kufuga kuku, kushona, kuuza maandazi, mkaa au mbogamboga. Sheria haikuwa na jicho la kuiona hali hiyo. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ililenga kumpa kila mwenye uwezo kazi iliyotambulika na kuwarudisha vijijini wasioweza kuthibitisha ajira yao, hata ikawa kwamba mume mwenye kitambulisho cha kazi isiyomlisha alionekana mfanyakazi, na mkewe aliyemlisha akaonekana hana kazi.

Miaka ya 1990 ilileta sura mpya ya msaka kazi: mwanamume wa umri wa miaka 50 na ushee, aliyepunguzwa serikalini au katika shirika la umma, akiwa na kiinua mgongo, yaani malipo ya mkupuo ya kumaliza utumishi, na akiwa hana mahali pa kwenda asubuhi. Kwa mtu huyu klabu ya kazini, timu ya mpira, zahanati ya shirika na hata marafiki vilikuwa mali ya mwajiri, na vilikoma siku ileile ajira ilipokoma. Mkewe, ambaye saa zake na watu wake havikuwahi kuwa vya mwajiri yeyote, aliendelea na ratiba yake, na mara nyingi kiinua mgongo chenyewe kiliingia katika mradi wake kama mtaji. Baadhi ya waume waliingia katika shughuli za wake zao, wakapeleka bidhaa sokoni au wakasimamia banda la kuku. Wengine waliona haya kuonekana na beseni, wakabaki barazani wakizungusha barua za maombi ya kazi, wakati shinikizo la damu na kisukari vikianza kutajwa miongoni mwa watu wa rika lao. Mzigo wa wake hao nao uliongezeka, kwa sababu biashara iliyokuwa ya kuongezea pato ilikuwa sasa ndiyo pato lenyewe, na aliyetakiwa kupumzika akashindwa kufanya hivyo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwatambua wenye umri wa miaka 60 na kuendelea kama kundi lenye haki ya matunzo na ya kushiriki katika maendeleo, na Zanzibar ilikwenda mbele zaidi mwaka 2016 kwa kuanza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliwahi kuajiriwa au la. Umuhimu wa kihistoria wa hatua hiyo ya pili ni kwamba kwa mara ya kwanza malipo ya uzeeni yalimfikia mpika vitumbua wa huko kwa jina lake, si kupitia kwa mume. Sambamba na hayo, vikundi vya kukimbia polepole, maarufu kama klabu za jogging, vimeenea Dar es Salaam na Zanzibar, vikiwa na sare, michango ya misiba na mfuko wa kusaidiana, sifa ambazo zinavifananisha zaidi na vikundi vya ngoma vya kale kuliko na somo la mazoezi ya viungo la shuleni.

Kwa ujumla, historia ya mwenzi aliyebaki inaonya dhidi ya ushauri wa afya unaomwambia mtu mzima atembee kila siku bila kuuliza anatembea kwenda wapi, kumwona nani na kwa amri ya nani. Nyumba zilizovuka vema misimu ya kusaka kazi ni zile ambamo mmoja wa wenzi alikuwa na ratiba isiyotegemea lango la mwajiri, na mwingine akakubali kuingia humo kabla haijamwelemea mwenye nayo.