Walimu wa Uganda na Intaneti Darasani: Historia Fupi ya Kusitasita

Katika semina za walimu imekuwa desturi kusikia kwamba walimu wetu, hasa wenye umri mkubwa, wanaogopa intaneti. Makala haya yana maoni tofauti. Ukiangalia jinsi teknolojia hii ilivyoingia shuleni Uganda, utaona kwamba kusitasita kwa mwalimu kulikuwa na hesabu ndani yake.

Barua pepe ilianza kutumika Makerere mapema miaka ya 1990, kwa kutegemea laini za simu. Kwa upande wa shule, mwanzo ulikuwa programu ya World Links ya Benki ya Dunia, katikati ya muongo huo. Majaribio yalifanyika katika shule chache za sekondari, zikiwemo Gayaza High School, Namilyango College na Mengo Senior School, zote zikiwa Kampala au karibu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa wafadhili, shule kadhaa za mbali ziliwekewa mitambo ya setilaiti. Mitambo ilikuja kama msaada, lakini shule zenyewe zilitakiwa kuchangia ada ya kila mwezi.

Hapo ndipo mtazamo wa mwalimu ulipojengeka. Kompyuta ziliwekwa katika chumba kimoja, na ufunguo akawa nao mwalimu wa kompyuta. Mwalimu wa historia au wa Kiswahili alipaswa kuomba nafasi, kuhamisha darasa zima, kugawa wanafunzi watano au sita kwa kila mashine, kisha kungoja ukurasa ufunguke, na kipindi ni dakika 40 tu. Umeme ukikatika, somo limekwisha. Mwisho wa yote, mtihani wa UNEB unamngoja mwanafunzi kwa kalamu na karatasi. Mwalimu aliyebaki na chaki yake hakuwa mshamba. Alijua nini kingemaliza silabasi.

Kwa mwalimu wa Kiswahili kulikuwa na jambo la ziada. Vitabu vyake vingi vilitoka Kenya na Tanzania, na mara nyingi vilikuwa haba. Kwa hiyo yeye ndiye angefaidika zaidi. Kamusi Project ilikuwa imeanzishwa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003, na matangazo ya BBC yalisikika pia kupitia tovuti. Waliojua hayo waliyatumia, lakini nje ya darasa: walikwenda mjini, wakalipia muda katika mgahawa wa intaneti, wakachapisha kurasa mbili tatu na kuzinakili ubaoni kesho yake. Matumizi ya namna hii hayaonekani mtu akihesabu tu ni walimu wangapi wanatumia intaneti darasani. (Hata jina la chombo chenyewe lilileta mjadala: kompyuta, tarakilishi au ngamizi?)

Mwaka 2009 mambo mawili yalibadilika. Nyaya za baharini zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na Google ikaongeza Kiswahili katika huduma yake ya tafsiri. La kwanza lilipunguza malalamiko kuhusu kasi. La pili lilizua shaka mpya, tena ya haki: mwanafunzi angeweza kuleta insha yenye upatanisho wa ngeli uliovurugika, naye asijue kosa liko wapi.

Kisha shule zikafungwa, kikamilifu au kwa sehemu, kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022. Simu, ambayo shule nyingi zilikuwa zimemkataza mwanafunzi kuwa nayo, ikawa kwa baadhi yao darasa lenyewe. Walimu waliodaiwa kuogopa intaneti walirekodi masomo kwa sauti na kuyatuma kwa WhatsApp. Wanafunzi wengi, hasa vijijini, hawakuwa na simu ya kupokelea. Walitegemea redio na karatasi za serikali, kama walizipata.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Walimu ni wachache, na intaneti inatajwa tena kuwa suluhisho. Ikumbukwe kwamba Julai 2021, shule zikiwa bado zimefungwa, data ilianza kutozwa ushuru wa asilimia 12. Sheria ilisamehe data ya huduma za elimu. Lakini mwalimu anayenunua kifurushi cha kawaida kwa simu yake, ili aandae kipindi cha kesho, hulipa kama mteja mwingine yeyote.