Kulandanisha Rekodi za Sauti Bila Waya: Historia Fupi na Funzo Lake

Walimu wengi wa lugha wana kompyuta zaidi ya moja nyumbani: ya mezani, inayotumiwa na familia nzima, na mpakato, inayokwenda darasani. Matokeo yake ni kwamba rekodi za hadithi, mahojiano na nyimbo hutawanyika huku na huku. Kuzifanya kompyuta hizo ziwe na mafaili yaleyale ndiko kunakoitwa kulandanisha. Neno hili lina asili nzuri. Kitenzi landa maana yake ni kufanana. Kwa hiyo kulandanisha ni kuvifanya vitu vilandane. Katika makala haya tunanuia kueleza jinsi kazi hiyo ilivyowezekana bila waya, na hasara iliyotupata sisi wenyewe kwa kutoielewa vizuri.

Historia yenyewe inaanzia visiwani. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walianzisha mtandao ulioitwa ALOHAnet. Chuo kilikuwa na kompyuta kubwa Honolulu, ilhali watumiaji wengine walikuwa visiwa vingine. Badala ya kutegemea nyaya za simu, walitumia redio. Kila kituo kilituma data wakati wowote kilipotaka. Kisipopata jibu kwamba data imefika, kilisubiri kidogo kwa muda wa kubahatisha kisha kikatuma tena. Ni kama watu wawili wanaoanza kuzungumza kwa pamoja barazani: wote hunyamaza, kisha mmoja hutangulia. Kasi yake ilikuwa biti 9,600 kwa sekunde. Wimbo wa dakika tano tunaouhifadhi leo kwa MP3, wenye takriban megabaiti 5, ungechukua zaidi ya saa moja kusafiri.

Mwaka 1985 serikali ya Marekani iliruhusu masafa fulani ya redio yatumiwe kwa mawasiliano bila kuombewa leseni. Uamuzi huo ulifungua njia. Kiwango cha kwanza cha 802.11 kilitolewa mwaka 1997, kikiwa na kasi ya megabiti 1 hadi 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 kilifuata 802.11b chenye megabiti 11, na mwaka huohuo jina Wi-Fi likabuniwa. Tangu hapo mtu wa kawaida aliweza kununua kifaa cha kuunganisha kompyuta za nyumbani bila kutoboa ukuta.

Hata hivyo, njia ya kupitishia mafaili si sawa na akili ya kujua lipi lipitishwe. Upande huo ulikuwa na historia yake. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, waliokuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, walitoa programu ya rsync. Kompyuta inayopokea hugawa faili lake la zamani vipande vipande, hukokotoa namba fupi za kukitambulisha kila kipande, na kuzituma kwa mwenzake. Mwenzake hulinganisha, kisha hutuma sehemu zilizobadilika tu. Lakini rsync hupeleka upande mmoja kwa wakati. Programu ya Unison, iliyoongozwa na Benjamin Pierce wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ilishughulikia pande mbili: hukumbuka hali ya mafaili ilivyokuwa mara ya mwisho, na ikiwa yamebadilika pande zote mbili, humwuliza mwenyewe aamue.

Sisi hatukuyajua hayo mwaka 2006. Tulikuwa tumemrekodi mzee mmoja wa Buyenzi, Bujumbura, akisimulia hadithi. Baadaye tulimsikilizisha rekodi yake, naye akafafanua maneno ambayo hatukuyaelewa. Maelezo hayo tuliyaunganisha mwishoni mwa faili lilelile, kwenye kompyuta ya mezani. Kompyuta hiyo betri yake ndogo ya saa ilikuwa imekufa. Kila ikizimwa na kuwashwa, tarehe ilirudi Januari 2002. Jioni tukaziachia kompyuta zilandane kwa Wi-Fi. Programu tuliyotumia iliangalia tarehe peke yake. Iliona faili la mpakato ni la 2006 na la mezani ni la 2002, ikaamua kwamba la mezani limepitwa na wakati, ikalifunika.

Tuligundua baada ya wiki kadhaa. Tuliporudi Buyenzi, mzee alikuwa ameshafariki dunia. Hadithi tunayo, maelezo ya maneno yake hatunayo, na miongoni mwa maneno hayo yapo ambayo hadi leo hatujapata mtu wa kutufafanulia.

Tangu wakati huo mambo yamesonga mbele. Dropbox ilifunguliwa kwa umma mwaka 2008, ikipitisha mafaili kwenye intaneti. Mwishoni mwa 2013 ikatokea Syncthing, ambayo huziwezesha kompyuta zilizo kwenye Wi-Fi moja kupeana mafaili moja kwa moja, bila nakala kuwekwa kwa mtu wa kati. Hili ni jambo jema kwa sisi ambao vifurushi vya intaneti hutugharimu.

Pamoja na hayo, kulandanisha si kuhifadhi. Kosa likifanyika kwenye kompyuta moja, programu hulifikisha kwenye ya pili kwa uaminifu uleule inaofikisha kazi nzuri. Kwa hiyo tunawashauri walimu na wanafunzi wetu: hakikisheni saa za kompyuta zote ni sahihi, maelezo mapya yawekwe kwenye faili jipya lenye jina lake, na rekodi ya awali itiwe kwenye diski isiyoguswa na programu yoyote. Kompyuta hujua kufananisha tu. Lipi lina thamani, ni juu yetu sisi kulijua.